Chai ya Asubuhi, Bustani na Vigae: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kula na Kupumzika Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo wamekuwa wakienda Guangzhou kwa miaka mingi, nao hurudi na habari nyingi za bei na makontena, lakini chache sana za jinsi wenyeji wa mji huo wanavyokula na kupumzika. Maswali yafuatayo ni yale yanayorudiwa na wanaojiandaa kwa safari, na wanafunzi, na wale waliowahi kualikwa mezani wakaona haya kuuliza. Maneno ya Kikanton yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, ambayo kwa bahati nzuri inayakaribia matamshi yake vizuri. Majina ya mahali na ya mikahawa yameachwa kama yanavyoandikwa huko.

## Mambo ya msingi

1. Guangzhou ni mji gani, na Kikanton ni lugha ya nani?

Guangzhou ni makao makuu ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kando ya mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu. Wazungu waliuita Canton, na jina la lugha likatokana na hapo. Kikanton huzungumzwa Guangzhou, Hong Kong, Macau na katika sehemu kubwa ya jimbo hilo, na msemaji wa Kichina sanifu ambaye hakujifunza hawezi kukielewa kwa kusikiliza tu.

Mji wa leo umejaa wahamiaji kutoka majimbo mengine, kwa hiyo madukani na sokoni utasikia zaidi Kichina sanifu. Kikanton utakikuta katika mitaa ya zamani ya Liwan na Yuexiu, na zaidi ya yote katika nyumba za chai.

2. Yam cha ni kunywa chai au ni kula?

Ni yote mawili, na msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu ili aelewe. *Yam* ni kunywa na *cha* ni chai. Hata neno letu "chai" asili yake ni hiyohiyo *cha*, iliyotufikia kwa njia ya Kiajemi na Kihindi. Kwetu pia mtu husema "nimeshakunywa chai" naye amekula chapati mbili na bakuli la maharage. Vyakula vinavyoliwa kwenye yam cha huitwa *dim sam*, maana yake "kugusa moyo", navyo huja katika vikapu vidogo vya mianzi au visahani, vipande vitatu au vinne kwa kila kimoja, ili watu wa meza moja wagawane.

Tofauti iko kwenye uzito wa mambo. Kwetu chai husindikiza kitafunwa. Kwao kitafunwa husindikiza chai, na chai nayo husindikiza mazungumzo. Mtu aliyemaliza vikapu sita kwa dakika ishirini akaondoka atakuwa ameshiba vizuri, lakini hakuna mwenyeji atakayesema kwamba amefanya yam cha. Wenyeji wana kitenzi maalumu, *taan cha*, chenye maana ya kuistarehekea chai polepole, na ndicho kinachoeleza vizuri zaidi wanachokifanya pale asubuhi nzima.

3. Desturi hii ilianza vipi?

Katika karne ya 19, chini ya utawala wa Qing, palikuwa na vibanda vya chai vya wabeba mizigo na vibarua vilivyoitwa "nyumba za li mbili", kwa sababu bei ya chai ilikuwa li mbili tu, fedha ndogo sana kwa wakati huo. Kibarua aliketi kwenye benchi, akapewa kikombe kimoja cha chai na vipande viwili vya kitafunwa. Maneno *yat jung leung gin*, "kikombe kimoja, vipande viwili", yanatumika mpaka leo hata na watu wanaoagiza vikapu kumi.

Baadaye zikaja nyumba kubwa za ghorofa zilizowavuta wenye nafasi. Taotaoju ilianza mwaka 1880, na Lianxianglou, inayosifika kwa kujaza keki zake mbegu za yungiyungi zilizosagwa, mwaka 1889. Guangzhou Restaurant ni ya mwaka 1935, na Panxi, yenye vyumba vilivyojengwa katikati ya bustani na maji ya ziwa la Liwan, ni ya mwaka 1947.

4. Niende saa ngapi?

Wazee huwa mlangoni kabla ya saa moja asubuhi, na wengine wana meza zao ambazo wahudumu huzitambua kama nafasi za msikitini za watu wa safu ya kwanza. Siku za kazi, kati ya saa mbili na saa tatu na nusu ni wakati mzuri kwa mgeni, na nyumba nyingi hupunguza bei kwa wanaokuja mapema au baada ya mchana. Jumapili saa nne ni wakati mbaya kuliko wote: familia za vizazi vitatu zimejaa ukumbini, na utapewa namba ya foleni ukasubiri saa nzima.

Yam cha si ya asubuhi peke yake. Wenyeji husema siku ina "chai tatu na milo miwili", yaani chai ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku, pamoja na chakula cha mchana na cha jioni.

## Mezani

5. Nikishaketi, nianze na nini?

Chagua chai kwanza, chakula baadaye. Muhudumu atauliza mnakunywa chai gani, na kila mtu mezani hutozwa yuan chache za nafasi ya chai, hata kama hanywi. Mgeni asidhani ameibiwa anapoziona kwenye hesabu. Kisha italetwa bakuli kubwa na birika la maji au chai ya moto, na wenzako wataanza kusuuza vikombe, vijiti na visahani vyao. Vyombo hivyo kwa kawaida vimeshaoshwa. Kitendo hicho kimekuwa sehemu ya adabu za meza kiasi kwamba asiyekifanya huonekana ana haraka.

Chakula huagizwa kwa kutia alama kwenye karatasi au kwa simu. Vigari vilivyokuwa vikisukumwa kati ya meza vimebaki katika nyumba chache. Bei hupangwa kwa madaraja, kuanzia ndogo, ya wastani na kubwa hadi maalumu.

6. Chai gani, na je, kuna maziwa na sukari?

Hakuna maziwa wala sukari, na kuomba vitu hivyo kutamshangaza muhudumu. *Bolei* ni chai nyeusi iliyochachushwa, yenye harufu ya udongo baada ya mvua, nayo hupendwa kwa sababu inasemekana hukata mafuta. Ikikuzidi ukali, agiza *guk bou*, ambayo ni bolei iliyochanganywa na maua ya krisanthemamu. Anayetaka chai nyepesi huomba ya yasmini, ambayo mtu wa Pwani ataipenda mara moja kwa harufu yake.

Birika likiisha maji, usimwite mtu. Funua kifuniko kidogo ukiegemeze ukingoni, na muhudumu ataona na kuja kujaza.

7. Kwa nini wanagonga meza kwa vidole?

Ni asante. Mtu akikumiminia chai, unagonga meza taratibu kwa ncha za vidole viwili vilivyokunjwa, bila kukatiza maneno yako. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba mfalme Qianlong alisafiri kusini akiwa amejificha katika mavazi ya raia, akammiminia chai mtumishi wake. Mtumishi hangeweza kusujudu bila kumfichua bwana wake, basi akakunja vidole vikasujudu kwa niaba yake. Ni masimulizi ya mapokeo, si historia iliyothibitishwa, lakini adabu yenyewe ni ya kweli na mgeni anayeifahamu hutazamwa kwa jicho jingine.

Kanuni inayokwenda pamoja nayo: mimina chai ya wenzako kabla ya yako, ukianzia kwa mkubwa wa umri, na usijaze kikombe mpaka juu.

8. Mara ya kwanza niagize nini?

Wenyeji hutaja vyakula vinne kuwa "wafalme". *Ha gau* ni kamba wa baharini waliofungwa katika ngozi nyeupe ya wanga wa ngano, nyembamba kiasi cha kuonyesha rangi ya waridi ya ndani, na mikunjo yake ndiyo kipimo cha mkono wa mpishi: anayeikunja chini ya mara saba hahesabiwi fundi. *Siu mai* ni ya nyama na kamba, iliyoachwa wazi juu. *Cha siu bau* ni andazi jeupe la mvuke lenye nyama ya nguruwe ya kuchoma yenye utamu, na likipikwa sawasawa hupasuka juu lenyewe. *Daan taat* ni kikombe kidogo cha unga wa matabaka kilichojaa mayai na sukari.

Kwa maoni yangu, mgeni kutoka Afrika Mashariki aanze na *cheung fan*. Uji wa mchele uliosagwa humwagwa juu ya kitambaa au sinia, ukapikwa kwa mvuke mpaka ukawa utando laini, ukaviringishwa pamoja na kamba, nyama ya ng'ombe au yai, kisha ukamiminiwa mchuzi wa soya. Hakuna kitu cha kutisha ndani yake. Siku ya pili ndipo ajaribu *fung jau*, "kucha za finiksi", jina la heshima la miguu ya kuku: hukaangwa ikavimba, ikachemshwa, ikapikwa tena kwa mvuke na maharage meusi yaliyochachushwa. Aliyekula miguu ya kuku ya kibandani Manzese hatakuwa na shida na kiungo chenyewe. Atakachoshangaa ni ulaini wake, kwani mfupa huachana na ngozi mdomoni bila kutafuna.

9. Nani hulipa?

Aliyealika. Hata hivyo, utaona mvutano wa hesabu ambao kwa mgeni unafanana na ugomvi, na mtu mzoefu huaga kama anakwenda msalani kumbe anakwenda kulipa. Ukialikwa, toa upinzani wa adabu mara moja au mbili, kisha shukuru na ualike siku nyingine. Bakshishi haitolewi.

## Kwa Waislamu na wenye miiko ya chakula

10. Je, Mwislamu anaweza kushiriki yam cha?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu la kweli ni kwamba katika nyumba ya kawaida ni vigumu. Tatizo haliko kwenye vyakula vinavyojulikana kuwa na nguruwe. Liko kwenye vile visivyodhaniwa. Ha gau huonekana ni kamba mtupu, lakini mara nyingi hutiwa vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili kamba asikauke. Unga wa daan taat kwa asili ulikandwa kwa shahamu hiyohiyo. *Lo bak gou*, keki ya figili ya kukaanga, huwa na soseji za nguruwe zilizokaushwa, na *lo mai gai*, wali wa kunata uliofungwa katika jani la yungiyungi, una jina la kuku lakini ndani huchanganywa. Zaidi ya hayo, divai ya mchele hutumika kulainisha nyama.

Jambo moja linalowaponza wengi ni la lugha: neno *yuk*, "nyama", likitajwa peke yake bila jina la mnyama, maana yake ni nguruwe. Ukiuliza "kuna nyama?" na ukaambiwa "hakuna", huenda kuna kuku. Ukiambiwa "kuna nyama", usiulize zaidi.

Kwa hiyo anayeshika sana dini yake atafute alama 清真, inayosomwa *ching jan* kwa Kikanton na *qingzhen* kwa Kichina sanifu, ambayo ndiyo "halali". Vibanda vya tambi za kuvuta kwa mkono vya watu wa kaskazini-magharibi vimeenea mji mzima, na eneo la Xiaobei lina mikahawa ya Kiarabu, Kituruki na ya Waafrika. Msikiti wa Huaisheng katika barabara ya Guangta ni miongoni mwa mikongwe kabisa nchini China, na mnara wake wa mviringo una urefu wa mita 36 hivi. Msikiti mwingine ulio karibu na bustani ya Yuexiu una kaburi ambalo kwa mapokeo ya Waislamu wa huko ni la Sahaba Saad bin Abi Waqqas, na Ijumaa hujaa wageni wa mataifa mengi.

11. Mwenyeji wangu wa kibiashara ameshaagiza meza nzima. Nifanye nini?

Mwambie mapema, siku moja kabla, kwamba wewe ni Mwislamu au huli nyama fulani. Neno *qingzhen* litamtosha, naye atabadilisha mahali bila kuona vibaya. Ukichelewa, kunywa chai. Kama ilivyoelezwa katika swali la 2, kuketi na kunywa ndicho kiini cha shughuli, na anayekunywa na kuzungumza hahesabiwi kuwa amekataa ukarimu.

## Baada ya chai

12. Mchana na usiku wanakula nini?

Kuna usemi wa Kichina kwamba mlo mzuri uko Guangzhou, na wenyeji hawaukanushi. Ladha yao haina pilipili nyingi. Sifa yao ni upya wa kitu chenyewe. Samaki huchaguliwa akiwa hai, hupikwa kwa mvuke kwa dakika chache na kutiwa tangawizi, majani ya kitunguu na mafuta ya moto. *Baak chit gai*, kuku wa kuchemshwa taratibu bila viungo, huwachanganya wageni wengi kwa weupe wake, lakini mwenyeji atakwambia kwamba bila kuku karamu haijawa karamu. Kwenye madirisha ya vibanda huning'inia bata bukini wa kuchoma.

Tambi pana za mchele zilizokaangwa na nyama ya ng'ombe ni mahali pazuri pa kujifunza neno *wok hei*, "pumzi ya karai": ile harufu ya moshi ambayo hupatikana pale tu karai linapokuwa na moto mkali na mpishi ana mkono mwepesi. Ikifika mezani imepoa, pumzi imeshatoka. Nyumbani nako, mama wa Kikanton hupimwa kwa supu iliyochemka kwa saa kadhaa.

Usiku, baada ya saa tatu, huja *siu ye*, mlo wa kukesha, hasa uji wa mchele. Uji wa "mtumbwi", wenye vipande vya samaki, karanga na vitu vingine, ulianza kuuzwa kutoka kwenye mitumbwi ya Lizhiwan, magharibi mwa mji.

13. Leung cha ni chai ya baridi?

Jina lina maana hiyo, lakini mara nyingi huja ya moto, na mara nyingi haina jani la chai hata moja. Ni dawa ya mitishamba, chungu kama mwarobaini, inayouzwa kwenye vibanda vya mitaani ili kupunguza *yit hei*, "joto la mwili", ambalo husemekana huletwa na vyakula vya kukaangwa, kukosa usingizi na hewa nzito ya kusini. Wong Lo Kat, jina maarufu kuliko yote, lilianza mwaka 1828; kopo lake jekundu la leo lina sukari nyingi, na wazee hulihesabu kuwa soda.

Msimu wa leung cha ni Juni na Julai, wakati wa matunda ya laichi, ndugu wa shokishoki wetu. Wenyeji husema tonge moja la laichi huleta mioto mitatu, kisha hula kilo nzima.

14. Kwenye bustani watu hufanya nini?

Takriban kila kitu isipokuwa kukaa kimya. Katika Yuexiu, penye sanamu ya kondoo watano ya mwaka 1960 na mnara wa Zhenhai uliojengwa mwaka 1380, asubuhi utakuta wanaofanya mazoezi ya taichi, wanaopigiana kwa mguu kitufe cha manyoya kisiguse ardhi, na mzee anayeandika mashairi sakafuni kwa brashi kubwa iliyochovywa maji, maandishi yakikauka kabla hajafika mwisho wa mstari. Katika bustani ya ziwa la Liwan, vikundi vya wastaafu huimba opera ya Kikanton kwa zeze na vijiti vya mbao. Sanaa hiyo iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2009, lakini waimbaji hao hawangojei hadhira. Unaruhusiwa kusimama na kusikiliza.

15. Majong ni kamari?

Ni mchezo wa watu wanne wenye vigae 136, au 144 vikiongezwa vile vya maua na majira. Kila mchezaji hushika 13, huokota na kutupa kimoja kimoja, na hushinda anapokamilisha mafungu manne na jozi moja. Sauti ya "kuosha vigae", yaani kuvichanganya mezani, hutoka madirishani jioni kama sauti ya kete za bao barazani, na ubishi wake hauna tofauti.

Kamari imekatazwa kisheria nchini China, ingawa ndugu na marafiki huweka fedha ndogo ndogo. Mgeni atazame kwanza. Kumshauri mchezaji kwa sauti ni kosa, hata kama umeona kigae anachokihitaji.

16. Sikukuu hubadilisha nini?

Siku za mwisho kabla ya mwaka mpya wa mwezi, familia hutembea kwenye masoko ya maua kununua matawi ya mpichi na miti midogo ya michungwa, kwa kuwa jina la tunda hilo linafanana na neno la bahati. Waliooa au kuolewa huwapa wasiooa bahasha nyekundu, *lai si*. Guangzhou inajulikana kwa kutia humo yuan tano au kumi bila aibu, tofauti na majimbo yanayoshindana kwa unene wa bahasha. Mfanyabiashara akumbuke kwamba viwanda hufungwa kwa majuma kadhaa.

Mwezi wa tano wa kalenda hiyo ni wa mashua za joka. Vijiji vilivyomezwa na mji, kama Liede na Chebei, bado vina mashua zao, ambazo mwaka mzima hufukiwa katika tope la mfereji ili mbao zisipasuke.

## Hali zisizo za kawaida

17. Nimekuja kwa Maonyesho ya Canton. Je, nizungumze bei kwenye yam cha?

Maonyesho hayo ya biashara yamefanyika Guangzhou tangu mwaka 1957, mara mbili kwa mwaka, na leo yako Pazhou. Ukialikwa chai na mwenye kiwanda, kwanza kuna familia, safari na chakula. Bei huja baada ya birika la pili, ikija. Anayetoa kikokotoo wakati vikapu bado vinafuka mvuke huonekana kama mgeni aliyeuliza mahari kabla ya kuvua viatu.

18. Je, Hong Kong ni vilevile?

Chai ya asubuhi ni ileile, lakini Hong Kong ilikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1997 na ikapata kitu ambacho Guangzhou haina kwa kiwango hicho: mikahawa ya *cha chaan teng*, yenye chai nzito ya maziwa ya kopo. Aliyechoka kunywa bolei kavu atajisikia nyumbani.

19. Nikienda peke yangu?

Inawezekana, na siku za kazi ni jambo la kawaida. Ukumbi ukijaa utawekwa meza moja na wasiokufahamu. Huitwa *daap toi*, na hakuna anayelazimika kuzungumza. Agiza vikapu viwili, usizidishe. Ukisema *jou san*, "habari za asubuhi", unapoketi, na *m goi*, "asante", unapopewa kitu, wazee wawili wa upande wa pili wataacha gazeti kwa muda, wakuulize umetoka nchi gani, kisha watakuelekeza kwa kidole kikapu ambacho ulipaswa kukiagiza.